Kiko Kimechongwa, Umbo Halikai: Dalili, Chanzo na Tiba

Mchongaji anayetoa twiga safi wa mpingo anaweza kukwama kabisa kwenye kiko cha kuvutia tumbaku. Patasi anaijua, mbao anaijua. Kinachomshinda ni uwiano. Kiko ni kitu kidogo kinachotoshea kiganjani, na milimita mbili zilizobaki mahali pasipotakiwa zinaonekana hata na mtu asiyewahi kushika tupa. Mtu huyo ataona tu kwamba kuna kitu hakijakaa. Ukimuuliza ni nini, hawezi kukuambia.

Nawaandikia vijana wa karakana za Arusha walioanza kuchonga viko vya kuuzia wageni na wakusanyaji, na kuna jambo moja nataka walishike kabla ya mengine yote: mahali jicho linapokwama si lazima pawe mahali pa kukata. Kichwa kikionekana kikubwa, mara nyingi kosa liko shingoni. Shingo ikionekana imeinama, tazama kwanza chini ya kichwa. Ukikimbilia kupiga tupa pale panapokukera, unaondoa mbao isiyo na kosa na kasoro inabaki palepale, ila sasa mbao ya kurekebishia imepungua.

Kiko cha kulinganishia

Kwanza tuelewane majina. Kichwa ndicho kinachobeba tundu la tumbaku. Shingo ni mbao inayotoka kichwani kwenda nyuma. Mdomo ni kipande cha ebonaiti (mpira uliokazwa) au akriliki kinachoshikwa na meno, na ulimi ni kile kijiti cha mdomo kinachoingia ndani ya shingo. Njia ya moshi ni tundu jembamba linaloanzia chini ya tundu la tumbaku na kutokea mdomoni.

Umbo la kujifunzia ni biliadi, kiko kilichonyooka, chenye kichwa cha mviringo kinachosimama karibu wima. Wanafunzi wengi hulikimbia kwa kuliona la kawaida mno, wakaanza na maumbo yaliyopinda yenye madoido. Ni vizuri wangerudi nyuma, kwa sababu biliadi haina pa kufichia kosa. Vipimo vya kuanzia ni hivi: kichwa kimo milimita 46 na upana 36, tundu la tumbaku upana 20 na kina 38, ili sakafu ibaki na milimita 8, shingo urefu 46 na unene 15, njia ya moshi milimita 4, mdomo kama 65. Ukijumlisha upana wa kichwa, urefu wa shingo na mdomo unapata kiko cha karibu sentimita 15. Hizi si amri za kudumu. Ni mahali pa kusimama ili ukitoka nje ya hapo ujue umetoka kiasi gani.

Arusha si ngeni kwa kazi hii. Tanganyika Meerschaum Corporation ilitengeneza hapa viko vya chapa ya Kiko, vyenye nembo ya tembo, kwa madini laini ya mirishamu yaliyochimbwa Sinya, upande wa Longido, karibu na Amboseli. Ukibahatika kukikuta kimoja kwa mzee wa mtaani, muombe ukishike na ukipime kwa kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia unene. Kuna mambo ya uwiano ambayo kidole huyaelewa kwenye kiko cha zamani kabla jicho halijayaelewa.

Kuhusu mbao nitasema kwa kifupi. Mbao inayotumika zaidi duniani ni uvimbe wa mizizi ya Erica arborea kutoka nchi za Mediterania, uliochemshwa kwa saa nyingi na kukaushwa kwa miezi mingi. Mti huohuo unaota pia juu ya ukanda wa msitu wa Kilimanjaro, lakini pale ni ndani ya hifadhi ya taifa na haukatwi. Kwa mazoezi, mzeituni pori, ule ambao Wamaasai huuita oloirien, unafaa sana: mgumu, umeshikana, na unatii tupa. Usitumie msonobari, una utomvu. Mbao yoyote unayonunua iwe na vibali vyake, na unapopiga msasa vaa barakoa, hasa kwenye mpingo ambao vumbi lake hukera ngozi na kifua.

"Kichwa kinaonekana kikubwa mno"

Ndiyo dalili ninayoletewa zaidi, na kila anayeileta ameshaanza kupunguza kichwa. Kabla hujakigusa, pima shingo. Kichwa cha milimita 36 juu ya shingo ya 15 kinatulia. Kichwa hichohicho juu ya shingo ya 11 kinakuwa kama embe lililochomekwa kijiti.

Shingo hukonda bila mchongaji kujua, na sababu yake inaeleweka. Ni sehemu iliyo wazi, tupa inapita bila kugonga chochote, na mkono unapenda kurudi mahali panapoitikia. Kichwani kuna kona na mbao ngumu, kwa hiyo kazi inaenda polepole. Mtu anaacha kichwa kwa muda, anasawazisha shingo kidogo, anarudi kichwani, anasawazisha shingo tena. Jioni kichwa kiko vilevile na shingo imekwisha. Dawa yake ni kuichonga shingo mapema hadi ibaki milimita moja juu ya kipimo, kisha kuizungushia utepe wa karatasi na kutoigusa tena mpaka kichwa kikamilike.

Ikiwa imeshakonda, mbao hairudi, lakini njia zipo. Unaweza kuifupisha shingo kidogo, kuongeza kina cha tundu la ulimi, na kutumia mdomo mrefu zaidi. Shingo fupi huonekana nene kuliko shingo ndefu ya unene uleule. Unaweza pia kuvalisha pete ya mpingo mwishoni mwa shingo, iliyo nene kidogo kuliko shingo yenyewe, na jicho litaisoma shingo nzima kuwa imejaa. Njia ya tatu ni kukipunguza kichwa kweli, hadi milimita 33, alimradi tundu la 20 libakiziwe ukuta wa milimita 6 na zaidi kila upande. Hiyo iwe ya mwisho.

Kuna chanzo kingine ambacho hakihusu shingo. Pengine upana ni sahihi, ila kichwa kimesimama kama bomba, upana mmoja toka chini hadi juu. Biliadi nzuri ina tumbo. Sehemu yake pana iko chini kidogo ya katikati, halafu kichwa kinajikusanya taratibu kuelekea ukingo, tofauti ikiwa milimita 2 au 3 tu. Bila huo mkusanyo mwanga unalala sawasawa upande mzima na kichwa kinavimba machoni. Punguza ukingo peke yake, acha tumbo, kisha kiweke mbali na ukitazame upya.

Na pima urefu. Fungua kalipa kwa kimo cha kichwa kisha uilaze juu ya shingo. Kwenye biliadi vipimo hivyo viwili vinapaswa kukaribiana sana. Kichwa kikiizidi shingo kwa milimita 8, hakuna unachoweza kufanya kwenye upana kitakachokisaidia.

"Chini pana kidevu"

Shika kiko kwa upande, uone mstari wa chini unaoanzia mdomoni, unapita shingoni, unazunguka chini ya kichwa na kupanda mbele. Mstari huo uende kwa mwendo mmoja. Kwenye viko vya wanaoanza unavunjika: shingo inakuja vizuri, halafu chini ya kichwa nyama inaning'inia. Hiyo ndiyo naiita kidevu, na ndiyo inayotofautisha haraka kuliko kitu kingine chochote kazi ya fundi na kazi ya mwanafunzi.

Chanzo cha kwanza ni woga. Mchongaji hajui sakafu ya tundu iko wapi, anaogopa kutoboa, anaacha mbao. Woga huo unaisha kwa penseli. Chomeka kijiti ndani ya tundu hadi kigote, weka alama kwenye usawa wa ukingo, kitoe ukilaze nje ya kichwa, alama ikae usawa wa ukingo. Ncha ya kijiti inakuonyesha sakafu ilipo. Chora mstari hapo kuzunguka kichwa chote, kisha mstari wa pili milimita 8 chini yake. Mbao yote iliyo chini ya mstari wa pili ni ya kuondoa, na utaiondoa bila mkono kutetemeka.

Chanzo cha pili ni tupa. Maungio ya shingo na kichwa kwa chini ni mbinuko wa ndani, na tupa bapa haiwezi kuingia humo. Inalalia shingo upande mmoja na kichwa upande mwingine, inakula pande zote mbili, na katikati inaacha kifundo. Tumia tupa ya nusu duara, upande wa mgongo, na uisukume kwa mshazari ili isichimbe mfereji. Mzeituni una mafuta, unga wake huziba meno ya tupa upesi. Paka chaki ya ubaoni kwenye tupa kabla ya kuanza na utaikwangua kirahisi.

Cha tatu ni kibaya zaidi kwa sababu kilitokea kabla ya kuchonga. Ikiwa njia ya moshi ilitobolewa ikielekea chini mno, ilibidi tundu la tumbaku lizamishwe ili vikutane, na sakafu ikashuka. Hapo kidevu kina kazi: ndicho kinachoshikilia sakafu. Usikiondoe. Badili umbo, ukijaze kichwa kizima chini na pembeni kiwe umbo la tufaha, ambalo linahitaji tumbo zito, na kile kilichokuwa kidevu kitapata mahali pake.

Neno moja kuhusu maungio ya juu, pale mgongo wa kichwa unapokutana na shingo. Mbinuko wa juu uwe mfupi na wa kukaza, wa chini uwe mrefu na wa kutiririka. Ikiwa yote miwili imelegea sawasawa, kichwa kinaonekana kimeyeyukia shingoni, na mchongaji ataapa kuwa kina kidevu wakati tatizo liko juu. Tupa ya mviringo ya milimita 6, mipigo michache, na kiko kinaamka.

"Tumbo limekuwa yai"

Ukingo ni duara, lakini ukikitazama kichwa kutoka juu unaona kirefu mbele na nyuma, chembamba pembeni. Wengi wanadhani ni mkono wao. Mkono unachangia, lakini mbao ndiyo chanzo. Kwenye mbao za kawaida kama mzeituni tunapanga nyuzi ziende kwa urefu wa shingo, la sivyo shingo itakatika. Maana yake mbele na nyuma ya kichwa tupa inakutana na vichwa vya nyuzi, na pembeni inakutana na ubavu wa nyuzi. Vichwa vya nyuzi havikubali kukatika upesi. Ukipiga tupa idadi ileile kila upande, pembeni patapungua zaidi.

Kwa hiyo usitafute duara kwa kuzungusha mkono. Chora duara kwenye ukingo kwa bikari, kata kichwa kiwe cha pembe 4 zilizo sawa, kisha ukate kona upate pembe 8, kisha 16. Kila hatua pima kwa kalipa mbele na nyuma, halafu pembeni. Ubapa unaonekana na unapimika. Duara halionekani limekosea mpaka limeshakosea. Baada ya pembe 16 ndipo unaruhusiwa kuzungusha msasa.

"Kimepinda lakini sijui wapi"

Tafuta mistari ya kati. Ikiwa uliisugua ukaipoteza, ichore upya: mmoja unaopita juu ya shingo hadi ukingoni na kushuka mbele ya kichwa, mwingine unaopita chini yote. Sasa kitazame ukiwa umekishika mkononi upande wa mdomo wake, kama mtu anayelenga shabaha, kichwa kikiwa mbali. Kinacholala upande kitajitaja.

Kama huoni, tumia kivuli. Simamisha kiko karibu na ukuta mweupe, weka mwanga upande wake usioelekea ukuta, na utazame kivuli badala ya kiko. Nyuzi, rangi na alama za penseli zinapotea, linabaki umbo tupu. Miezi ya Juni na Julai asubuhi za Arusha huwa na mawingu, hivyo tochi ya simu ndiyo ya kutegemea. Halafu kigeuze juu chini na utazame tena. Jicho lililokizoea kiko huanza kukisamehe. Kikigeuzwa linalazimika kukiangalia upya.

Mara nyingi utagundua kwamba nje hapana kosa. Tundu la tumbaku ndilo lililotobolewa pembeni, na kwa kuwa ukuta mmoja ni mnene kuliko mwingine pale ukingoni, kichwa kizima kinaonekana kimeegemea. Tofauti ya milimita moja unaweza kuificha kwa kukata ukingo kwa ndani upate mteremko mdogo kuzunguka. Zaidi ya hapo, sogeza umbo la nje lifuate tundu, na ukubali kichwa chembamba.

Hapa ndipo swali la nini kitangulie linapoingia. Sixten Ivarsson, Mswidi aliyefanyia kazi Copenhagen na kuathiri viko vya Denmark kuliko mtu mwingine, alijulikana kwa kuchonga umbo kwanza na kutoboa baadaye, ili matundu yalifuate umbo. Ni njia nzuri kwa mwenye mashine na uzoefu. Kwa anayejifunza na drili ya mkono pamoja na jiliwa, nashauri kinyume chake: toboa mbao ikiwa bado ina pande 4 zilizonyooka na za kupimia, kisha uchonge kuzunguka matundu.

"Mdomo unaonekana umebandikwa"

Pitisha ukucha kwenye kiungo cha mdomo na shingo. Ukikwama, au ukitumbukia kwenye kijibonde, umepata sababu. Kilichotokea ni kwamba shingo na mdomo vilipigwa msasa kila kimoja peke yake, na msasa ukala kingo za vyote viwili. Kuanzia siku ulimi unapoingia vizuri, usipige tena msasa shingo bila mdomo kuwa mahali pake. Zungushia msasa kipande cha mbao bapa, uburute kutoka shingoni kwenda mdomoni kwa mwendo mmoja usiokatika.

Sababu ya pili ni unene. Mdomo uanze na unene wa shingo na upungue kwa mstari ulionyooka hadi karibu milimita 4 mahali pa meno. Ukivimba katikati hata kidogo, utaonekana umetoka kwenye kiko kingine. Weka rula juu yake, kisha chini yake. Mwanga ukipita penye mwanya utaona pa kukata.

Kwa kiko kilichopinda kuna kipimo kimoja kinachotosha: sehemu ya meno ielekee sambamba na ukingo wa kichwa. Kilaze kigeuzwe, ukingo ukiwa mezani, na uone kama ncha ya mdomo inalala usawa na meza.

"Kinavuta chini mdomoni"

Pima uzito. Kiko cha gramu 35 hadi 50 kinakaa menoni bila kusumbua. Kikipita 60 taya linachoka. Ikiwa kimetengenezwa kwa mpingo usishangae, kwa sababu mpingo ni mzito hata unazama majini. Huo ufanye pete na mapambo, kichwa kifanye kwa mzeituni. Ikiwa ni mzeituni na bado kizito, mbao iliyozidi iko kitakoni au mbele ya kichwa, na utaikuta kwa ile mistari ya sakafu niliyoeleza kwenye kidevu.

"Kilikuwa sawa, sasa kimelegea"

Ulimi uliokuwa unaingia kwa kukaza sasa unacheza, na tundu limekuwa la mviringo usio kamili. Mbao ilikuwa mbichi. Inapokauka hujikunja zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na tundu la duara hugeuka. Mbao iliyonunuliwa wakati wa masika na kutobolewa wiki hiyohiyo itafanya hivi karibu kila mara. Ikate vipande vya ukubwa wa kiko, paka nta kwenye ncha, ihifadhi kivulini penye hewa, na upime uzito kila wiki hadi uache kushuka.

Kuzoeza jicho bila kuharibu mbao

Nunua sabuni ya mche. Kipande kimoja kinatoa vichwa kadhaa, kisu cha jikoni kinatosha, na makosa yote niliyotaja hujitokeza kwenye sabuni vilevile: kidevu, shingo iliyokonda, tumbo la yai. Chora biliadi kwa ukubwa wake halisi kwenye kadibodi, mwonekano wa pembeni na wa juu, ukate kigezo, na uchonge sabuni hadi kigezo kikae. Rudia umbo lilelile. Anayechonga biliadi mfululizo huanza kuona nusu milimita. Anayebadili umbo kila mara hukutana na tatizo jipya kabla hajalimaliza la zamani.

Kisichorekebishika

Ukuta ukishuka chini ya milimita 5, au sakafu chini ya milimita 5, acha. Kichwa kitapata moto, na siku moja kitaungua kikatoboka mkononi mwa aliyekilipia. Hakiuzwi. Kama bado kuna mbao lakini biliadi imekataa, kata kimo cha kichwa kwa milimita 8 hadi 10 upate umbo la chungu, pana na fupi. Kasoro nyingi za juu ya tumbo huondoka na kipande hicho. Ikiwa kasoro iko chini, kaza kitako na uache ukingo upana wake, kichwa kifunguke kuelekea juu kiwe umbo liitwalo Dublin. Kabla ya kukata, kifunge kwa utepe wa karatasi pale unapokusudia kukata, kiweke juu ya meza, na ukitazame kesho yake asubuhi.